Vuli Ina Majani Gani? Somo la Kiswahili cha Jikoni na Hotelini

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Nne

 Mlezi wetu aliponiomba niandike somo la jarida la mwaka huu, nadhani alitarajia ngeli na mnyambuliko wa vitenzi. Sitamvunja moyo. Ngeli zimo na vitenzi vimo. Lakini nimeona nianzie pale nilipojikwaa, maana wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2022, nami nikiwa Kidato cha Kwanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha: "Maisha ya kila siku nyumbani kwetu wakati wa vuli." Neno vuli lilinitatiza. Nikakimbilia maktabani, nikafungua kamusi ya lugha mbili, nikasoma haraka haraka kwamba vuli ni yale majira ya Ulaya ambapo majani ya miti hupukutika. Basi kalamu ikateleza. Niliandika kwamba majani ya manjano yalikuwa yakianguka uani kwetu, kwamba baba alivaa koti zito la sufu, na kwamba mama alioka keki ya matufaha katika tanuri. Jioni, nikasema, familia nzima ilikwenda mjini kunywa supu katika mkahawa wenye mishumaa mezani.

Jamani! Kwetu hakuna mtufaa hata mmoja. Na tanuri ninalolijua mimi ni la jirani, la kuchomea matofali.

Nilipata alama 6 kwa 20. Chini ya ukurasa mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Vuli ina majani gani?" Kisha akaisoma insha yangu kwa sauti mbele ya darasa. Walicheka hata madawati yakatikisika. Siku mbili baadaye majina ya wenye deni la karo yalisomwa, na langu likawamo. Nilipanda matatu kurudi nyumbani Ukambani, insha yangu nimeikunja mfukoni.

Siku nilizokaa nyumbani ndizo zilizonifunza somo hili.

1. VULI NI NINI HASA?

Waswahili wa pwani tangu jadi huugawa mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi ni upepo utokao kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, nao huja na joto. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, takriban Aprili hadi Septemba. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Kipupwe ni majira ya baridi, Juni hadi Agosti. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo katika somo la jiografia tunaziita mvua fupi.

Chanzo chake ni jua. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huwa juu ya ikweta kabisa, kisha huanza kusogea kusini. Ukanda wa mawingu na mvua hulifuata nyuma, ukatupitia sisi tulio karibu na ikweta. Siku hiyo hiyo, kwa watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ndiyo mwanzo wa majira ya majani kupukutika. Mchana wao unafupika, miti inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, majani yanageuka manjano na mekundu, kisha yanaanguka. Jua ni lile lile na miezi ni ile ile, lakini huko majani yanakufa na huku yanazaliwa. Kwetu miti hupukutisha majani wakati wa ukame, kabla ya mvua. Vuli ndiyo inayoyarudisha.

Wapo wafasiri wanaoyaita majira hayo ya Ulaya vuli, nami siwagombezi, maana kila lugha hutafuta neno la karibu. Lakini mwanafunzi wa Kenya asije akadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba vuli ya kwao nayo ina majani makavu na makoti.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi wa Machakos, Kitui na Makueni. Sehemu nyingi za nchi masika ndiyo mvua kuu. Kwetu wakulima huitegemea vuli zaidi kuliko masika. Vuli ikikosa kunyesha, mwaka umeharibika. Na mwaka ule wa 2022 mambo yalikuwa mabaya. Katika sehemu kame za Kenya, vuli ya 2020 ilikuwa haba, masika ya 2021 haba, vuli ya 2021 haba, na masika ya 2022 haba. Tulikuwa tukiingia msimu wa tano, na mbingu zilikuwa nyeupe kama sahani.

2. JIKONI KWA MAMA

Nilimkuta mama jikoni. Ghala lilikuwa tupu. Juu ya mafiga, palipo na moshi, yalining'inia mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake. Moshi huzuia wadudu wasiyatoboe. Yalikuwa mahindi ya Katumani, aina iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Katumani karibu na mji wa Machakos, na ambayo hupendwa kwetu kwa kuwa hukomaa mapema kabla mvua haijakatika.

Ndugu yangu mdogo alikuwa akiyatazama mahindi yale kama paka atazamavyo samaki. Mwaka huo pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilikuwa imefika zaidi ya shilingi 200, na nyumbani hatukununua kila siku.

"Mama, si tupike haya?" akauliza.

"Hayo ni mbegu," mama akajibu. "Mbegu si chakula, mwanangu. Ukila mbegu umekula Januari."

Sijasikia sentensi fasaha kupita hiyo katika darasa lolote. Januari ndio mwezi wa mavuno ya vuli kwetu. Mama hakutumia tashibihi wala methali. Alisema jambo lilivyo.

Jioni ile tulipika muthokoi, chakula chetu Wakamba, kutokana na kibaba cha mwisho cha mahindi ya kawaida. Nilijaribu kumweleza dadangu kwa Kiswahili hatua za kukipika, kwa sababu bado nilikuwa na uchungu wa zile alama 6. Nikagundua kwamba nina neno moja tu: kupika. Tunapika maji, tunapika chai, tunapika chapati, tunapika kila kitu! Hapo nilijiona maskini mara mbili, wa unga na wa maneno.

Leo ninazijua hatua hizo. Hebu zisome, kisha uzitumie katika insha yako.

Kwanza mahindi makavu hulowanishwa kidogo, yakatiwa kwenye kinu na kutwangwa kwa mchi ili kuyaondoa maganda. Kuondoa ganda la nafaka ni kukoboa. Halafu humiminwa katika ungo na kupetwa, makapi yakaruka na upepo. Maharagwe au mbaazi huchambuliwa, yaani huondolewa vijiwe na zilizooza, kisha hulowekwa usiku kucha. Chungu huinjikwa juu ya mafiga. Wengine husema hutelekwa, nayo ni sahihi pia. Mahindi na maharagwe hutokoswa kwa saa kadhaa mpaka yaive. Kutokosa ni kupika kitu kwa maji tu, bila mafuta. Yakiiva, chungu huepuliwa, yaani huondolewa motoni. Ukiwa na vitunguu, nyanya na mafuta, basi chakula huungwa. Mwisho hupakuliwa, wala si "kutolewa kwa sufuria".

Siku ile hatukuunga. Hakukuwa na mafuta.

3. HOTELINI KWA SHANGAZI

Kesho yake mama alinituma kwa shangazi, ambaye ana hoteli pale kituoni matatu zinapogeukia. Sisi Wakenya husema hoteli hata pakiwa ni kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili na jiko la makaa. Kiswahili sanifu kina neno mkahawa, lililotokana na kahawa, na ndugu zetu wa Tanzania husema mgahawa. Shangazi yeye huita mahali pake "kazini".

Shangazi alikaa Mombasa miaka ishirini akiwapikia watu. Kiswahili chake kimechovywa katika bahari. Asubuhi ya kwanza aliniambia:

"Haya mwanangu, teleka chai."

Nikasimama kama mlingoti. Nilidhani chai imeteleza mahali.

"Niiweke wapi, shangazi?"

"Lo! Shuleni mwafunzwa nini? Kuteleka ni kuweka chombo motoni. Na ikichemka uiepue, usiniache nikaota mvi hapa."

Ndivyo nilivyofunzwa. Nilimenya viazi, nikaosha vikombe, nikakanda unga wa chapati, na kila kazi ilikuja na neno lake. Donge la unga huitwa donge. Kulifanya bapa ni kulisukuma, na mti wa kusukumia ni kifimbo. Ugali husongwa, uji hukorogwa. Nyama huchomwa juu ya makaa. Ikitungwa vijitini na kuwekwa juu ya moto, hubanikwa, nayo ndiyo mishikaki. Mkate huokwa. Viazi hukaangwa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, na mbuzi huyu hali majani: ni kiti kidogo chenye chuma cha meno mbele. Makaa yakiwekwa juu ya kifuniko ili chakula kiive juu na chini, huko ni kupalia. Waona, msomaji? Mpishi ana kitenzi kwa kila tendo la mkono wake, nasi wanafunzi tunatembea na kimoja.

Wateja nao walikuwa darasa jingine. Nilianza kuyaandika makosa yao nyuma ya daftari langu. Haya hapa machache, na usahihi wake:

"Leta ugali yangu." Sema: Lete ugali wangu.
"Chakula ni mingi." Sema: Chakula ni kingi.
"Nipe mayai mbili." Sema: Nipe mayai mawili.
"Hii chai iko na sukari mingi." Sema: Chai hii ina sukari nyingi.
"Uji imepoa." Sema: Uji umepoa.
"Nyanya imeisha zote." Sema: Nyanya zimeisha zote.

Hili la nyanya tuliangalie vizuri. Nyanya wa kwangu, mama yake mama, ni mtu. Nyanya za mchuzi ni matunda. Kwa hiyo: "Nyanya ameketi jikoni," lakini "nyanya zimo kikapuni." Ukichanganya hapo, utamtia bibi yako sufuriani.

Basi siku ya nne nilijiona profesa. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, akaketi na kuagiza: "Kijana, leta ugali yangu na matumbo, haraka!"

Nikamjibu kwa adabu zote: "Samahani mzee, husemwi ugali yangu, husemwa ugali wangu."

Kibanda kizima kikanyamaza. Dereva akanitazama, akaangua kicheko. "Basi huo ugali wako ulete ukiwa moto!"

Shangazi hakucheka. Alinivuta nyuma ya pazia akaninong'oneza: "Mteja hasahihishwi akiwa na njaa. Kwanza mtu ale."

Wanachama wenzangu, hili nalo ni somo la isimujamii. Lugha ya hotelini ina haraka yake na ukarimu wake. Anayesema "chapo mbili na chai" anaelewana na mpishi, naye anapata chakula chake. Karatasi ya mtihani ndiyo isiyokubali "chapo". Mwenye kujua lugha hujua mahali pa kila neno. Kuwadharau wanaosema vingine si ufasaha. Hata hilo neno "nyama choma", ambalo kwa sarufi kali lingekuwa nyama ya kuchoma, limeenea kiasi kwamba hakuna anayeshangaa kuliona kwenye ubao wa mkahawa.

4. MAKOMBO, MASAZO, KIPORO

Sasa nafika mahali ambapo nilisita kama niandike au nisiandike.

Kila jioni shangazi alipofunga kibanda, alinipa sufuria ndogo yenye kifuniko nipeleke nyumbani. Ndani kulikuwa na maharagwe, au ugali, au chapati zilizokosa mnunuzi. Ndicho kilichokuwa chajio chetu. Siku ya kwanza nilikasirika. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini akasikia: "Tumekuwa watu wa kula makombo."

Shangazi akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia meza.

"Makombo ni yale yanayobaki kwenye sahani ya mtu baada ya yeye kula," akasema. "Mimi nimempa mtoto wa ndugu yangu makombo siku gani? Hiki kimebaki chunguni, hakuna aliyekitia mkono. Hayo ni masazo. Nimesaza. Na mkikilaza mkakila asubuhi kwa chai, ni kiporo. Nenda, mamako anangoja."

Nilibeba ile sufuria gizani nikiyarudia maneno matatu: makombo, masazo, kiporo. Chakula ni kile kile, lakini neno moja lingemwaibisha mama na jingine lingemheshimu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walimu wetu hung'ang'ania msamiati. Sitasahau pia kwamba mama alipofunua sufuria alisema, "Mwambie shangazi yako asisaze mengi hivi, naye anauza," ilhali sote tulijua kwamba shangazi alikuwa akipika zaidi makusudi.

Kuna neno la nne katika ukoo huu: ukoko, yaani ule wali au ugali ulioshika chini ya sufuria. Ndugu yangu mdogo alikuwa mtaalamu wake.

5. KITENZI KULA NA MITEGO YAKE

Sasa tuingie katika sarufi, maana kosa la kitenzi hiki huwaponza watahiniwa wengi.

Shina lake ni -la, silabi moja tu. Kwa kuwa ni fupi mno, katika baadhi ya nyakati hubeba ku- ili lisimame: ninakula, nilikula, nitakula, nimekula. Lakini kuna mahali ambapo ku- hiyo haitakiwi:

Kukanusha wakati uliopo: sili, huli, hali, hatuli. (Si "sikuli".)
Kwa -ki-: nikila, akila. (Si "akikula".)
Kwa -ka-: akala, tukala. (Si "akakula".)
Kwa kutaka au kuamuru kwa upole: nile, ale, tule. (Si "akule".) Shangazi alisema "kwanza mtu ale", nawe umeyaona maneno yake hapo juu.
Kwa hu- ya mazoea: hula.

Hili la mwisho lina mtego mkubwa. Methali husema "Mvumilivu hula mbivu." Ukiandika "hukula" umebadilisha maana kabisa, kwa sababu hukula ni kukanusha wakati uliopita: wewe hukula, yaani ulikaa na njaa. Silabi moja inatenganisha anayekula kila siku na aliyelala bila chajio.

Na vipi kuhusu "sijala"? Hiyo ndiyo fasaha, ingawa "sijakula" imezoeleka mno katika mazungumzo. Katika mtihani chagua sijala, ulale salama.

Kitenzi hiki kina watoto wengi: liwa (chakula kimeliwa, si "kimekuliwa"), lika, lisha, mlo, mlaji, ulaji, malisho. Na mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Kila unapoeleza njia na kusema "pinda kulia", umetaja mlo bila kujua.

6. MAJANI YENYEWE

Nilirudi shuleni na sehemu ya karo ambayo shangazi alinilipa kwa kazi yangu. Mvua ilichelewa. Iliponyesha hatimaye, haikuwa nyingi. Usiku wa mvua ya kwanza, mama alinisimulia baadaye, kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi, na ndugu yangu akaweka beseni la maji chini ya taa wakatumbukia humo. Wakakaangwa kwa chumvi. Mbegu zile za juu ya mafiga zilikuwa zimekwisha kupandwa.

Nilipofunga shule mwezi wa Novemba nilikuta shamba lina rangi. Mahindi mengi baadaye yalinyauka yangali mafupi, siwezi kuwadanganya. Lakini kunde zilistahimili. Kunde ni mmea wa ajabu: hungoji mpaka mbegu zikomae. Majuma machache tu baada ya kuota unaweza kuchuma majani machanga ukala, na mmea ukaendelea kukua. Kwetu hiyo ndiyo mboga ya kwanza ya vuli, miezi miwili kabla ya mavuno yoyote.

Mama alichuma majani, akayachambua, akayaosha, akayakatakata. Akateleka sufuria. Safari hii kulikuwa na mafuta kidogo na nyanya mbili, akayaunga. Nikasonga ugali mimi mwenyewe. Tulikula nje, ardhi ikinuka mvua, na kwa muda hakuna aliyezungumza.

Hapo ndipo jibu la wino mwekundu liliponijia. Vuli ina majani gani? Vuli ina majani ya kunde.

Januari nilipofungua shule nilikuwa nimeiandika upya insha nzima, bila koti la sufu na bila matufaha. Nilimpelekea mwalimu ofisini ingawa muhula wake ulikuwa umepita na alama hazingehesabiwa. Aliisoma akiwa amesimama. Hakunipa alama. Alisema tu, "Haya. Sasa nimefika kwenu," akaniandikisha katika Chama cha Kiswahili siku hiyo. Wenzangu wa bweni walinibandika jina la Mpishi, kwa kuwa nilikuwa nikiwauliza maneno ya jikoni ya lugha zao. Nimelizoea.

Vuli iliyofuata, ya 2023, ilileta El Niño. Mvua ilizidi kiasi, nchini kote mito ikafurika, na barabara ya kituoni kwetu ikakatika, shangazi akafunga kibanda kwa juma zima. Vuli si rafiki wa kutegemewa sana. Ndiyo maana mama bado huning'iniza mbegu mahali pale pale.

ZOEZI

1. Tunga sentensi kuonyesha maana mbili za kila neno: kaa, kata, unga, chungu, mwiko.
2. Eleza tofauti: (a) Wewe hula wali. (b) Wewe hukula wali.
3. Sahihisha: (a) Akikula chapati mbili anashiba. (b) Wali imeiva na chumvi ni mingi. (c) Chakula imekuliwa yote. (d) Mama ameweka sufuria kwa moto.
4. Muulize mzazi wako maneno matano ya jikoni kwa lugha ya mama, kisha utafute Kiswahili chake. Usitumie neno "kupika".

MAJIBU KWA UFUPI

La 1: Kaa la moto, na kaa kitako, kata ya kutekea maji, na kukata, unga wa ugali, na kuunga mboga, chungu cha kupikia, na ladha chungu, mwiko wa kusongea, na mwiko wa mila. (Sasa isome upya methali "Mwenye njaa hana miiko" uone utamu wake.)
La 2: (a) ni mazoea, (b) ni kukanusha wakati uliopita.
La 3: (a) Akila chapati mbili anashiba. (b) Wali umeiva na chumvi ni nyingi. (c) Chakula kimeliwa chote. (d) Mama ameteleka sufuria, au ameinjika sufuria.
La 4: Niletee mwenyewe. Ninayakusanya.

Mpenzi msomaji, mimi ni Kidato cha Nne na jarida hili likitoka nitakuwa katika chumba cha mtihani, wakati wa vuli vilevile. Wewe unayebaki, ukipewa insha kuhusu nyumbani kwenu, usikimbilie maktabani kwanza. Ingia jikoni. Uliza kile kinachofanywa kinaitwaje. Na ukipita kituoni kwetu una njaa, sema ugali yangu au ugali wangu, shangazi atakupakulia.